Applebee, bibi wa magongo aliyeacha mchezo badala ya kombe

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

UKIKAA kijiweni hapa Tukuyu na mtu akataja habari za michezo, hazipiti dakika tano kabla hujakumbushwa mwaka 1986. Ndio mwaka ambao Tukuyu Stars, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilizikalisha Simba na Yanga na kubeba ubingwa wa Tanzania Bara. Wazee wa hapa wanaisimulia kama vile ilikuwa Jumapili iliyopita.

Ubishi unanoga mpaka pale mmoja anapouliza: baada ya hapo ikawaje? Hapo kijiwe kinapoa. Timu haikukaa juu muda mrefu, na leo kijana wa Bulyaga au Makandana anaijua kwa kusimuliwa tu. Kombe lilikuja, likashangiliwa, likaondoka.

Leo ukurasa huu unatoka kidogo kwenye soka na kwenda kwenye mpira wa magongo, ule ambao wengi wanauita hoki. Tunamzungumzia mwanamke aliyefanya kinyume kabisa cha Tukuyu Stars. Jina lake halitajwi kwa sababu ya kombe hata moja. Lakini mchezo alioubeba mgongoni mwaka 1901 mpaka leo unachezwa, viwanjani na hata ndani ya kumbi, na wanawake wa mabara yote.

Anaitwa Constance Applebee. Alifariki Januari 26, 1981, nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 107.

Kama unadhani umri huo ndio habari, subiri kwanza. Miezi sita tu kabla hajafa, hoki ya wanawake ilichezwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza katika historia. Bibi alisubiri jambo hilo kwa karibu miaka 80. Na lilipokuja, nchi zake mbili, ile aliyozaliwa na ile aliyoipa mchezo, zote hazikuwepo uwanjani. Medali ya dhahabu ikaja Afrika.

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Kwa shabiki wa soka, magongo si mchezo wa ajabu. Timu ina wachezaji 11, yupo kipa, wapo mabeki, viungo na washambuliaji. Tofauti ni kwamba kila mmoja anashika gongo lililopinda mwishoni, na mpira wenyewe ni mdogo na mgumu. Ukikupata kwenye ugoko utaukumbuka wiki nzima.

Gongo lina upande bapa na upande wa mviringo, na unaruhusiwa kucheza kwa upande bapa tu. Halafu kuna hili ambalo litawaudhi wale wanaopenda mashuti ya mbali: bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya nusu duara lililochorwa mbele ya goli. Ukipiga kutoka katikati ya uwanja, hata ukitingisha nyavu, umejisumbua bure.

Uingereza ya mwishoni mwa karne ya 19 wanaume walikuwa wanacheza mchezo huu, na wasichana wakaupenda pia. Mwaka 1895 wanawake wakaunda chama chao na kuomba kujiunga na chama cha wanaume. Wakakataliwa. Basi wakasema sawa, tutajiendesha wenyewe, na kweli wakajiendesha: viongozi wanawake, waamuzi wanawake, kila kitu wanawake. Applebee alikulia katika mazingira hayo, na msimamo huo hakuuacha maisha yake yote.

MTOTO MGONJWAMGONJWA

Alizaliwa mwaka 1873 huko Chigwell, katika jimbo la Essex. Ukiambiwa kwamba mtu huyu aliishi miaka 107 na nyingi kati ya hizo akiwa na gongo mkononi, utadhani alizaliwa na afya ya chuma. Wapi! Alikuwa mtoto dhaifu, mgonjwamgonjwa, kiasi kwamba shule alisomea nyumbani.

Wengi waliolelewa hivyo wakati ule walibaki hivyo hivyo. Msichana dhaifu alifunikwa shuka, akawekwa karibu na dirisha na kusubiri mchumba. Applebee akaenda njia nyingine. Alipokua akaingia kwenye mazoezi ya viungo, mwili ukakubali, akaamua kuifanya kazi. Akasomea ualimu wa mazoezi ya viungo, fani ambayo kwa mwanamke wa enzi hizo ilikuwa changa kabisa.

Hapo ndipo unapoielewa hasira yake ya baadaye. Kila alipoambiwa kwamba msichana akikimbia sana ataharibika mwili, yeye alikuwa na ushahidi wa kutosha. Ushahidi ulikuwa yeye mwenyewe.

KOZI YA LIKIZO ILIYOBADILI KILA KITU

Mwaka 1901, akiwa hajatimiza miaka 30, Applebee alivuka bahari kwenda Marekani. Hakwenda kueneza hoki. Alikwenda kusoma kozi fupi ya likizo katika Chuo Kikuu cha Harvard, iliyokuwa ikiongozwa na Dk. Dudley Sargent, mmoja wa vinara wa mazoezi ya viungo wa wakati ule. Kwa kulinganisha tu, miaka hiyo Tukuyu ilikuwa boma la Wajerumani lililoitwa Neu-Langenburg, na soka lenyewe huku lilikuwa halijafika.

Siku moja darasani mazungumzo yakageukia michezo ya wasichana. Wamarekani wakaeleza michezo ambayo wanafunzi wao wa kike walikuwa wanafanya kama mazoezi. Ikawa ni ile ya kuzunguka viti huku muziki unapigwa, na ya kuangusha leso na kukimbizana. Applebee akashangaa. Kwao Uingereza, akawaambia, hiyo ilikuwa michezo ya kwenye sherehe za watoto. Mazoezi waliyapata kwenye hoki.

Wakamwambia haya, tuonyeshe basi.

Akatafuta magongo ya kuazima, akatafuta mpira wa kubahatisha, akawapanga wanafunzi wenzake kwenye uwanja mdogo wa nyuma ya jengo la mazoezi. Hakukuwa na majani, hakukuwa na jezi, na wachezaji wengi hawakuwa wameuona mchezo huo hata siku moja. Ukiitazama leo utasema ni ndondo ya mtaani. Ila ndondo hiyo ndiyo ilifungua njia.

Mmoja wa waliokuwepo alikuwa Harriet Ballintine, mkuu wa mazoezi wa Chuo cha Vassar, chuo maarufu cha wasichana. Aliona alichokiona, akamwomba Applebee asirudi kwao kwanza. Aje Vassar awafundishe wasichana wake.

MAGONGO BEGANI, CHUO HADI CHUO

Msimu wa vuli mwaka huohuo akaanza kazi. Alipomaliza Vassar akaenda Smith, akaenda Wellesley, akaenda Mount Holyoke, Radcliffe na Bryn Mawr. Vyote hivyo vilikuwa vyuo vya wanawake mashariki mwa Marekani. Anafika, anakusanya wasichana, anawafundisha kushika gongo, anawapanga, anawachezesha mechi, anaondoka kwenda kingine. Kabla mwaka haujaisha kukawa na chama cha kwanza cha kuendesha hoki ya wanawake nchini humo, na yeye akiwa mmoja wa waanzilishi.

Usidhani njia ilikuwa nyeupe. Wasichana walicheza na sketi ndefu zinazofika karibu na vifundo vya miguu. Fikiria unamkaba mpinzani huku sketi inakuvuta nyuma, na mvua imenyesha, na tope limejaa. Wapo madaktari walioamini kwamba mwanamke akichoka kupita kiasi atashindwa kuzaa, na wapo wazazi walioona aibu binti yao kuonekana akikimbia mbele za watu.

Applebee hakuwa mtu wa kubishana sana. Alikuwa mtu wa filimbi. Kwa hesabu yake, msichana akishacheza msimu mmoja na akarudi nyumbani akiwa na afya kuliko alivyoondoka, mzazi atajijibu mwenyewe.

Mwaka 1904 Chuo cha Bryn Mawr, kilicho nje kidogo ya Philadelphia, kikampa kazi ya kudumu. Akakaa hapo hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, akiongoza idara ya mazoezi. Wanafunzi walimfupishia jina, wakamwita Apple, yaani Tufaha. Jina hilo likabaki naye hadi kaburini.

Alikuwa mkali. Wanafunzi walimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja, kama ilivyo kwa makocha wengi tunaowakumbuka. Mtu aliyechelewa mazoezini au aliyetembea badala ya kukimbia alijua siku yake itakuwa ndefu.

KAMBI, GAZETI NA CHAMA

Sasa hapa ndipo penye mchezo wenyewe, na shabiki yeyote wa Tukuyu asome taratibu.

Makocha wengi wakishapata timu nzuri wanaishia hapo. Wanataka kushinda na timu hiyo. Applebee akajiuliza swali jingine: siku nikiondoka, nani ataendelea? Akajenga vitu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa kambi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alianzisha kambi ya hoki kwenye milima ya Pocono, Pennsylvania. Kila mwaka kabla msimu haujaanza, wasichana wa shule, wanafunzi wa vyuo na walimu walipanda huko, wakalala kwenye vibanda vya mbao na kucheza kutwa nzima. Makocha kutoka ng'ambo waliitwa kufundisha. Walimu ndio waliokuwa shabaha kubwa. Mwalimu mmoja akishuka mlimani akiwa ameiva, shule nzima imepata hoki. Wanafunzi wake nao wengine wanakuwa walimu, na mambo yanaendelea.

Cha pili kilikuwa gazeti. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 alianzisha na kuhariri jarida la michezo ya wanawake lililoitwa The Sportswoman. Wakati magazeti makubwa yanaandika michezo ya wanaume kurasa nzima na ya wanawake mistari miwili, yeye akaona bora awe na ukurasa wake mwenyewe. Matokeo, mbinu, picha, ratiba, vyote vikapata mahali. Sisi tunaoandika michezo tunajua maana yake: kisichoandikwa kinasahaulika haraka.

Cha tatu kilikuwa chama cha taifa, kilichoundwa Philadelphia mwaka 1922. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1920, timu ya wanawake wa Philadelphia ilikuwa imeshavuka bahari kwenda kucheza Uingereza, chini ya mkono wa Applebee. Ukiwa mwanafunzi wa hoki, kwenda Uingereza wakati ule ilikuwa sawa na timu ya wilaya kwenda kujipima Brazil. Walikwenda kujifunza, na kujifunza kuna gharama zake kwenye ubao wa mabao. Lakini walirudi wakijua kipimo halisi kikoje.

MASHINDANO YASIYO NA BINGWA

Mwaka 1927 vyama vya wanawake vya nchi nane vikaunda shirikisho la kimataifa la hoki ya wanawake, Marekani ikiwamo. Afrika Kusini nayo ilikuwamo. Mkutano wa kwanza ulifanyika Geneva mwaka 1930, wa pili Copenhagen mwaka 1933, na mwaka 1936 ikawa zamu ya Philadelphia. Kila mkutano ulikwenda pamoja na mechi za kimataifa.

Hebu fikiria. Mwaka 1901 Marekani haikuwa na gongo hata moja la kumfundishia msichana. Mwaka 1936 timu za taifa za wanawake zinashuka melini kwenda kucheza kwenye mji uleule ambao Applebee aliufanya makao ya mchezo. Hiyo ni miaka 35 ya kazi.

Lakini lazima tuseme na lile ambalo halikwenda vizuri. Mashindano hayo hayakuwa na bingwa. Hapakuwa na pointi, hapakuwa na fainali, hapakuwa na kombe. Walioongoza hoki ya wanawake waliamini kwamba kombe linaharibu mchezo: likija kombe zinakuja fedha, zikija fedha unakuja ugomvi, na mwisho wanaume wanaingia kuchukua usukani. Shabiki wa soka wa Bongo akisoma hapo anaweza kutabasamu, maana hayo matatu anayajua vizuri.

Msimamo huo ulikuwa na bei yake. Wanaume walikuwa wanacheza hoki Olimpiki tangu mwaka 1908, wakati wanawake wanaendelea kucheza mechi za kirafiki. Shirikisho la wanaume na la wanawake yakakaa mbalimbali kwa miongo mingi, na wanawake wakachelewa kuingia Olimpiki. Wachezaji kadhaa wakubwa walizeeka bila kuijua medali.

Jambo la pili, mchezo ulibaki mikononi mwa wenye nacho. Vyuo alivyozunguka Applebee vilikuwa vya wasichana wa familia zenye uwezo, na karibu wote walikuwa weupe. Msichana mweusi wa Philadelphia au binti wa mfanyakazi wa kiwandani alikuwa nje ya uzio. Applebee alivunja ukuta wa wanawake na wanaume, lakini ukuta wa rangi na wa mfuko aliuacha umesimama. Haimpunguzii kazi aliyoifanya, ila inatuonyesha kazi ilipoishia.

KIKONGWE MWENYE FILIMBI

Alipoacha kazi ya chuo, watu walidhani bibi sasa atakaa barazani. Aliendelea kwenda kambini. Miaka 70 ikapita, 80 ikapita, bado yupo Pocono. Baadaye makazi yake yakawa Uingereza, lakini likikaribia wakati wa kambi alivuka bahari kwenda kufundisha. Alivuka miaka 90 akiwa bado anasimama pembeni ya uwanja.

Chukua hesabu hiyo uilete kwetu. Msichana aliyefundishwa na Applebee mwaka 1901 akiwa na miaka 20, angeweza kumpeleka mjukuu wake kambini na akamkuta kocha ni yuleyule. Kwenye ligi yetu kocha akimaliza misimu miwili klabu moja tunasema kadumu.

Alipoacha kabisa kusafiri alibaki kusini mwa Uingereza, katika kijiji cha Burley kwenye msitu wa New Forest. Huko ndiko habari za Moscow zilimkuta.

MOSCOW 1980: TANZANIA NDANI, BIBI NJE

Olimpiki ya mwaka 1980 ilipangwa kufanyika Moscow, na kwa mara ya kwanza hoki ya wanawake ikaingizwa kwenye ratiba. Kwa Wamarekani waliocheza chini ya mikono ya wanafunzi wa wanafunzi wa Applebee, hiyo ndiyo ilikuwa siku.

Ikaja siasa. Jeshi la Urusi liliingia Afghanistan mwishoni mwa mwaka 1979, Rais Jimmy Carter wa Marekani akaitisha mgomo, na timu ya Marekani haikwenda. Uingereza serikali ilitaka mgomo lakini wanariadha wengi walikwenda. Tatizo ni kwamba vyama vya hoki vya Uingereza vilikuwa miongoni mwa vilivyokataa. Basi nchi zote mbili za bibi zikabaki nyumbani.

Nafasi zikabaki wazi, na waandaaji wakaanza kutafuta wa kuzijaza. Hapa Tanzania tunaingia kwenye hadithi. Timu yetu ya wanaume ya magongo ilikwenda Moscow katika Olimpiki hiyohiyo ambayo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha. Kwenye magongo mambo yalikuwa magumu: India ilitupiga mabao 18-0, na tukamaliza wa mwisho kati ya timu sita. India ndiyo iliyotwaa dhahabu, kwa hiyo tulipigwa na bingwa, kama hiyo inasaidia kupunguza maumivu.

Upande wa wanawake nafasi moja ikaangukia Zimbabwe. Nchi ilikuwa imepata uhuru Aprili 18, 1980, na mwaliko ukafika zikiwa zimebaki wiki chache tu. Timu ikakusanywa haraka haraka. Wachezaji wote 16 walikuwa weupe, watu wenye kazi zao, waliocheza hoki ya klabu kwenye viwanja vya majani. Moscow walikuta zulia la bandia ambalo hawakuwa wamelizoea.

Matokeo yao? Walianza kwa kuichapa Poland 4-0. Wakatoka sare ya 2-2 na Czechoslovakia. Wakawapiga wenyeji Urusi 2-0. Wakatoka sare ya 1-1 na India. Mechi ya mwisho, iliyowahitaji kushinda, wakaifunga Austria 4-1. Hawakupoteza hata mchezo mmoja. Medali ya kwanza ya dhahabu ya hoki ya wanawake katika historia ya Olimpiki ikaenda Zimbabwe, nchi iliyokuwa na umri wa miezi mitatu na ushee.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu timu hiyo, kwamba kila mchezaji aliahidiwa ng'ombe, na waliporudi nyumbani wakaishia kupewa vifurushi vya nyama. Ahadi za viongozi kwa timu zilizoshinda, kumbe si tatizo la kwetu peke yetu.

Mtu anaweza kusema Zimbabwe walibahatika kwa sababu wakubwa hawakuwepo. Ni kweli wakubwa hawakuwepo. Lakini uliza ni kwa nini simu ilipigwa Zimbabwe na wakapatikana wanawake 16 wanaojua kucheza, ndani ya wiki chache. Ni kwa sababu huko hoki ya wasichana ilikuwa inafundishwa mashuleni na kuchezwa kwenye klabu miaka na miaka, bila Olimpiki, bila kamera. Bahati iliwakuta uwanjani tayari.

MATUTA YA LOS ANGELES

Januari iliyofuata bibi akafariki. Mwaka 1982 lile shirikisho la wanawake na lile la wanaume yakaungana kuwa kitu kimoja.

Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, Wamarekani wakapata nafasi yao. Mwisho ulikuwa wa kusisimua. Walikuwa wamemaliza mechi zao na wamekaa jukwaani wakiangalia Uholanzi ikicheza na Australia. Matokeo ya mechi hiyo yakawafanya Marekani na Australia walingane kwa kila kitu kwenye mbio za medali ya shaba. Ikaamuliwa wapigiane matuta. Wachezaji wa Marekani wakashuka kutoka jukwaani, wakavaa, wakapiga matuta na kushinda 10-5.

Hiyo ndiyo shaba ya kwanza ya wanawake wa Marekani kwenye hoki ya Olimpiki. Ilikuja miaka 83 baada ya ule mchezo wa magongo ya kuazima pale Harvard. Mwenyewe hakuiona.

HOKI IMEINGIA NDANI

Siku hizi kuna tawi jingine la mchezo huu, hoki ya ndani, lililokulia Ujerumani ambako baridi na theluji hufunga viwanja. Wachezaji ni sita kila upande, uwanja ni sakafu ya ukumbi, na pembeni kuna vizuizi vya mbao ambavyo mpira ukigonga unarudi mchezoni. Hairuhusiwi kunyanyua gongo na kupiga kwa nguvu, unasukuma tu. Na mpira hauruhusiwi kupaa, isipokuwa unapolenga goli. Kwa hiyo ni mchezo wa pasi za haraka, unafanana sana na futsal.

Kombe la Dunia la hoki ya ndani kwa wanawake lilianza mwaka 2003 huko Leipzig, na wenyeji Ujerumani wakalibeba. Mwaka 2023 mashindano hayo yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, yakachezwa Pretoria, Afrika Kusini. Uholanzi ndio walioibuka mabingwa upande wa wanawake.

Kwa mtu wa Rungwe, sababu ya kuingia ndani haihitaji maelezo mengi. Theluji hatuna, lakini mvua yetu inajulikana nchi nzima. Kuna miezi ambayo ratiba ya ligi ya wilaya inapangwa na mawingu, na uwanja unakuwa jaruba. Sakafu, paa na mipira midogo vinaweza kumpa mtoto wa kike mchezo wa mwaka mzima, iwe magongo, iwe futsal, iwe netiboli.

TURUDI KIJIWENI

Soka la wanawake nchini limepiga hatua. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2022 nchini India, na hapo kila mtu alishangilia. Hatari ni ileile ya 1986: tushangilie, tupige picha, halafu tusubiri kizazi kingine kijitokeze chenyewe.

Maisha ya Applebee yanasema kizazi hakijitokezi chenyewe. Kuna mtu alikwenda kukichukua shule kwa shule, akiwa na mipira kwenye mfuko na magongo ya kuazima, na akarudi tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Hakuanzia kwa mastaa. Alianzia kwa walimu.

Na walimu ndio kitu ambacho Rungwe hatuna shida nacho. Chuo cha Ualimu Tukuyu kipo hapa mjini, na Mpuguso si mbali. Vyuo hivyo huandaa vijana wa kike na wa kiume ambao kesho watasimama mbele ya watoto huko Kiwira, Masoko na kwingineko. Wachache tu kati yao wakitoka chuoni wanajua kuendesha mazoezi ya wasichana, na wakiwa na filimbi na nia ya kukaa, kijiwe hakitapoa tena mtu akiuliza baada ya hapo ikawaje.